Toleo likishatoka haliguswi, hata kama kasoro ni ya mstari mmoja

"Yaya, kasoro yenyewe ni ndogo. Badilisha tu faili kwenye seva, namba ya toleo ibaki ileile, nani atajua?"

Ujumbe wa namna hii nimeupata tena wiki hii, kutoka kwa kijana anayechangia kazi nzuri kabisa. Nimeshaujibu kwa upole mara nyingi, na upole umeniishia. Naandika hapa mara moja ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Ninaratibu matoleo ya programu huria ya kutunza stoo za dawa. Wachangiaji tumetawanyika, watumiaji wengi ni famasi ndogo za hapa Lubumbashi. Hatua za kawaida mnazijua: tunafunga mabadiliko, tunatoa rc (toleo la majaribio kabla ya lile rasmi), tunapokea malalamiko, tunarekebisha na kutoa rc nyingine, tunaweka tagi (jina linaloonyesha msimbo wa toleo hilo), tunasaini kidijitali, tunapandisha faili, tunangoja seva za nakala zilipate, ndipo tunatangaza. Tangazo likitangulia faili, utashinda siku nzima ukijibu watu waliokutana na 404, yaani faili halipatikani. Saa tunaziandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa sababu Lubumbashi na Kinshasa zenyewe hazilingani saa. Basi, hayo yatosha.

Shida ni hili la faili. Kwetu si kila mtu anayepakua. Mega za intaneti ni ghali. Mmoja anapakua, anatia kwenye flashi, flashi inatoka Kamalondo inakwenda Katuba, inapitia Kenya (komini, siyo nchi), baadaye unasikia iko Likasi. Nakala ile hairudi kwenye seva kuuliza kama mmebadili mawazo. Ukibadilisha faili na kuacha namba, umezalisha matoleo mawili yanayoitwa 3.2.0, na yote yanatembea.

Hili lilitokea kweli, kabla sijakabidhiwa kazi hii. Tarehe za mwisho wa matumizi zilikuwa zinasomwa kinyume: 03/11, yaani tarehe 3 Novemba, programu iliisoma Machi 11. Tarehe kama 25/11 haikuwa na tatizo, maana hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo kasoro ilijitokeza kwa baadhi ya dawa tu. Aliyekuwa na funguo za seva akarekebisha mstari mmoja, akapandisha faili jipya juu ya lile la zamani, akanyamaza. Baada ya muda famasi mbili zikaleta mashtaka yanayopingana. Ukifungua ukurasa wa "Kuhusu" kwenye kompyuta zote mbili unakuta 3.2.0. Moja inapanga dawa sawasawa, nyingine inapiga kelele kwamba dawa nzima imeisha muda. Mama mmoja mwenye famasi aliuliza kama programu yetu inachagua watu. Tukailaumu mipangilio ya Windows, tukamsumbua abadilishe lugha, arudishe, azime, awashe. Mwisho mtu akaendesha sha256sum, programu inayotoa alama ya kipekee ya kila faili, kwenye flashi zote mbili. Jina la faili moja, ukubwa unakaribiana, alama moja inaanza na 9f, nyingine na c4.

Mama yule git (chombo chetu cha kutunza msimbo) haijui wala haimhusu, lakini nilipomweleza alielewa haraka kuliko wachangiaji wangu. Kwake ni namba ya bechi. Maboksi mawili yana bechi moja, vidonge vya ndani ni tofauti. Siku ya kuambiwa rudisheni bechi hiyo, utarudisha lipi?

Na msidhani hii ni kanuni yangu. Semantic Versioning, kanuni inayotumiwa sana ya kuyapa matoleo namba, inasema yaliyomo ndani ya toleo lililokwisha kutoka yasibadilishwe. Badiliko lolote lipewe namba mpya. PyPI, hazina ya programu za Python, hairuhusu kutumia tena jina la faili hata kama umelifuta. Git nayo, ukihamisha tagi, aliyekwisha kuivuta hubaki na ile ya zamani, na mwongozo wake unakushauri ukiri kwamba umeharibu, kisha utumie jina jingine.

Wakubwa nao yanawakuta. Desemba 2023 Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, walikuwa wanatoa 12.3, ikagundulika kwamba kerneli (kiini cha mfumo) iliyomo inaweza kuharibu data kwenye ext4, namna moja ya kupanga mafaili kwenye diski. Hawakuichomeka kerneli nyingine kimyakimya na kuiita 12.3. Tarehe 10 walitangaza 12.4, na tangazo likasema sababu waziwazi. Machi 2021, kerneli ya Linux 5.12-rc1 ilikuwa inaandika data ya swap (kumbukumbu ya ziada kwenye diski) mahali pasipo pake kwa wanaotumia faili la swap, na kuharibu mfumo mzima wa mafaili. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akabadilisha jina la tagi kuwa v5.12-rc1-dontuse, kisha akatoa rc2 mapema. Hakuna aliyedharau Debian wala Linux kwa hilo.

Kisha kuna usalama. Kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, kulikuwa na mlango wa siri uliofichuliwa na mhandisi Andres Freund tarehe 29 Machi 2024, na kipande chake kimoja muhimu kilikuwamo kwenye faili la toleo lakini hakikuwamo kwenye git. Faili kutolingana na linavyopaswa kuwa ni dalili ya hatari. Wewe ukizoesha watu kwamba sha256 hubadilika bure kwa sababu fulani alirekebisha herufi, siku mwizi akibadilisha faili watasema ni wale wale wa kawaida.

Sasa nikiri mashaka yangu. Karibu hakuna famasi inayolinganisha sha256. Tunaiandika kwa ajili ya wachache, na sina hakika wachache hao wanatosha. Sina hakika pia na ile ahadi ya Semantic Versioning kwamba namba ya mwisho ikipanda ni marekebisho tu, mtu asiogope: marekebisho ya tarehe yalimvuruga muuzaji mmoja aliyekuwa ameshazoea kuingiza mwezi kwanza ili programu itulie. Na kutoa 3.2.1 saa chache baada ya 3.2.0 kunatia aibu, sikatai. Wapo wanaoona namba zinapanda mbio wakaamua kubaki na 2.8 yao.

Dawa ya aibu hiyo ni tangazo. Usianze na shukrani wala historia ya mradi. Anza hivi: "3.2.1 inachukua nafasi ya 3.2.0. Kama umeweka 3.2.0, weka hii leo, kisha hakiki upya kila dawa ambayo siku ya tarehe yake ni kati ya 1 na 12. Kama uko kwenye 3.1, ruka 3.2.0. Usigawe tena flashi yenye 3.2.0." Majina ya waliochangia yafuate chini, yote, hata la aliyerekebisha mstari mmoja.