Kuwa na Kitambulisho cha NIDA Hakumfanyi Mgeni Mkaazi Kuwa Mpigakura

Mezani kwangu, kwenye dawati la uraia hapa Tanga, viliwekwa vitambulisho viwili vya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa), cha mume na cha mke, wakazi wa Moa wilayani Mkinga. Vyote vimetolewa na mamlaka moja, vyote vina picha na namba ya tarakimu 20. Cha mume ni cha raia. Cha mke, aliyezaliwa Vanga upande wa Kenya na kuolewa huku miaka 18 iliyopita, ni cha mgeni mkaazi. Mama huyu alikuja kuuliza kwa nini alikataliwa kituoni siku ya kuandikisha wapigakura, ilhali "NIDA ninayo, na watoto wangu wote wamezaliwa Bombo", yaani hospitali ya mkoa hapa Tanga.

Swali lake si geni. Tangu maandalizi ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 na uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, dawati la uraia hapa Tanga limekuwa likipokea maswali ya namna hii kutoka kwa wafanyabiashara wa Ngamiani, wavuvi wa Jasini, wahandisi waliokuja na mradi wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, hata watawa waliokaa katika misheni zetu miaka mingi kuliko umri wangu. Wengi wanauliza kwa nia njema, na kwa nia hiyohiyo ninawajibu.

Ibara ya 5 ya Katiba inampa haki ya kupiga kura raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18. Ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia mtu kutumia haki hiyo, na sababu ya kwanza iliyotajwa ni kuwa na uraia wa nchi nyingine. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imejengwa juu ya msingi huo. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, mtaa na kitongoji una kanuni zake na orodha yake ya wapigakura, lakini sharti la uraia ni lilelile. Hivyo anayesema "mimi sitaki kumchagua Rais, nataka mwenyekiti wa mtaa wangu tu" bado anatakiwa kuwa raia.

NIDA inatoa vitambulisho vya aina tatu: cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi. Kazi ya kitambulisho ni kumtambua mtu. Kinasema wewe ni nani na uko nchini kwa hadhi gani, basi. Mgeni anakihitaji kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupata namba ya mlipakodi. Inasikitisha kwamba hata baadhi ya viongozi wetu wa mitaa wanawaambia watu "ukishapata NIDA umeshakuwa Mtanzania". Kauli hiyo imewaingiza watu wengi matatani na naomba ikome. Kibali cha ukaazi nacho, kiwe Daraja A cha mwekezaji, B cha mwajiriwa au C cha mwanafunzi na mmisionari, ni ruhusa ya kuishi. Ukikihuisha mara kumi kinabaki kuwa ruhusa ya kuishi.

Hoja inayotolewa kwa uchungu zaidi ni ya kodi. "Ninalipa kodi, ninaajiri vijana wa hapa, kwa nini nisichague diwani?" Naielewa. Lakini kodi hufuata mapato, na kura hufuata uraia. Kijana wa Pongwe asiye na ajira ana kura moja, sawa na mwenye kiwanda. Nchi hii ilishawahi kuonja utaratibu wa kufunganisha kura na pesa. Mwaka 1958 na 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza, uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa mtindo ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la kura tatu, kwa sababu kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ili uandikishwe ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango cha elimu kilichowekwa, au kazi ya cheo kilichokubalika. Mkata mkonge aliyelipa kodi ya kichwa kila mwaka hakuwa na kura. Meneja wa shamba Mzungu alikuwa nayo. TANU, chama kilichodai uhuru, ilikutana Tabora Januari 1958 na kuvutana sana kabla ya kukubali kuingia katika uchaguzi ule. Sharti la uraia katika Katiba ya leo lilichukua nafasi ya masharti kama yale, na ndiyo maana sioni haya kulitetea.

Ni kweli kwamba nchi nyingine zimeamua tofauti. Jirani zetu wa Malawi, kwa Katiba yao, wanamruhusu asiye raia kupiga kura akiwa ameishi nchini humo miaka 7. New Zealand inawaruhusu wakaazi wa kudumu tangu 1975. Ndani ya Umoja wa Ulaya, Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulimpa raia wa nchi mwanachama haki ya kuchagua madiwani pale anapoishi. Uingereza inawaandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali, na Mtanzania aliyeko London ni mmoja wao. Kwa hiyo ndugu yako akikuambia amemchagua mbunge wa huko hadanganyi. Kwingine mahakama zimekataa: Ujerumani mwaka 1990, na New York, ambako sheria ya jiji iliyopitishwa 2021 kuwaruhusu wageni katika chaguzi za jiji ilibatilishwa na mahakama ya juu ya jimbo Machi 2025. Kila nchi imepima yake. Sisi wa dawatini hatutungi sheria, tunaitekeleza, na mwenye hoja ya kuibadilisha aipeleke kwa mbunge wake.

Wapo wanaoitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inagusa watu kuvuka mipaka, ajira, makazi na biashara. Kura haimo. Mkenya anayeishi Tanga ana njia yake: tangu 2013 Kenya imewawekea raia wake walioko Tanzania utaratibu wa kumchagua Rais wao wakiwa hukuhuku. Ajiandikishe kwao.

Hapo ndipo linapokuja jambo linalotusumbua kuliko yote katika ukanda wa Horohoro, mpakani na Kenya, nalo ni kadi mbili. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili. Shamba liko huku, msiba uko kule, bibi kazikwa Lunga Lunga na mjukuu anasoma Duga. Hakuna anayeukataa udugu huo, na mimi mwenyewe nimekula pilau za harusi pande zote mbili. Ila Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba yake ya 2010, na Tanzania haijaruhusu kwa mtu mzima. Ukiwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni na kadi ya mpigakura ya Tanzania sandukuni, sheria ya kwao inaweza isikuguse. Ya kwetu itakugusa. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili kwa sababu baba ni wa kule na mama ni wa huku, sheria inamvumilia mpaka atimize miaka 18, kisha achague mmoja na kuukana mwingine. Wazazi, liangalieni hilo mapema. Umri wa kura na umri wa kuchagua uraia vinamfikia kijana siku moja, na wengi hukimbilia kituo cha kuandikisha kabla hawajapita kwetu.

Adhabu nazieleza wazi ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Kujiandikisha zaidi ya mara moja katika Daftari la Kudumu la Wapigakura ni kosa la jinai, liwe limefanywa na raia au mgeni: faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi 6 na kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Mashine za BVR, zinazotumika kuandikisha wapigakura, zinachukua alama za vidole, na vidole havibadiliki kwa kuhama kata. Kwa asiye raia anayejitaja kuwa raia, mambo hayaishii kwenye sheria ya uchaguzi. Kibali chake kinaweza kufutwa na yeye kuondoshwa nchini. Tena siku akija kuomba uraia ataulizwa kuhusu tabia njema, na jina lake litakuwa limeonekana katika daftari ambalo hakustahili kuwemo. Nimeona mafaili ya watu waliokaa nchini miongo miwili yakikwama kwa kadi moja waliyoichukua kwa sababu jirani aliwaambia "nenda tu, hawaulizi".

Upande wa pili nao una maumivu yake, na naomba mawakala wa vyama, watendaji na wenyeviti wanisikilize hapa. Daftari la awali linapobandikwa vituoni, mwananchi anaruhusiwa kuweka pingamizi kwa mtu anayeamini si raia. Pingamizi linahitaji sababu na ushahidi, linasikilizwa na afisa mwandikishaji, mlalamikiwa anajitetea, na asiyeridhika anakwenda mahakamani. Lafudhi si ushahidi, wala jina, wala weupe wa ngozi. Mpemba anayeishi Tanga miaka yote ni raia kama wewe na anaandikishwa hapa anapoishi. Masharti ya ukaazi ya Zanzibar yanahusu uchaguzi wa Zanzibar. Mzee wa mashamba ya mkonge ambaye babu yake aliletwa kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Msumbiji hawi mgeni kwa sababu ana chale za Kimakonde usoni. Hali yake inaamuliwa na sheria na kumbukumbu, na macho ya wakala hayana mamlaka hayo.

Na kuna Chogo, wilayani Handeni. Wanaoishi pale ni watu wa asili ya Kizigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka mwambao huu na bara yake katika karne ya 19, wakapelekwa Somalia. Vita vya huko vilipoanza mwaka 1991, wajukuu wakarudi kama wakimbizi, Kizigua bado kimo vinywani mwao. Wengi wamepewa uraia kwa tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Raia wa tajnisi anapiga kura, anagombea udiwani, anagombea ubunge. Katiba inamzuia urais, unaotaka raia wa kuzaliwa. Anayemwita mtu wa Chogo mwenye cheti "mkimbizi" na kumtoa kwenye foleni ya kura anavunja sheria, na ninamwambia bila kumung'unya maneno.

Kenya wamepita njia hiyohiyo. Wamakonde wa Kwale, walioishi huko kwa vizazi bila kitambulisho, walitambuliwa mwaka 2016 na kuanza kupewa vitambulisho mwaka uliofuata. Wapemba wa pwani ya Kenya wakafuatia 2023. Hawakupewa kura kama wageni. Walipewa uraia, kura ikaja nayo.

Kwa hiyo nieleze tajnisi, maana wengi wanaikatia tamaa bila kuisoma. Chini ya Sheria ya Uraia, Sura ya 357, mwombaji awe mtu mzima mwenye akili timamu. Awe ameishi Tanzania mfululizo miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, aonyeshe mchango wake kwa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Hesabu ya miaka tunaitazama kwenye vibali na mihuri ya pasipoti. Miaka uliyoishi bila kibali haikusaidii, kwa hiyo tunza pasipoti zako za zamani, usizitupe zinapojaa. Uamuzi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani, na sheria haimlazimishi kutoa sababu. Ukikubaliwa unaukana uraia wa awali, unakula kiapo cha utii, ndipo unapewa cheti. Tafadhali fuateni mpangilio huo. Wapo wanaokwenda ubalozini kuukana uraia wao kabla hawajapata barua ya kukubaliwa, wakidhani wanaharakisha. Ombi likikataliwa wanabaki hawana nchi.

Mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana njia fupi. Sheria inampa haki ya kuomba tajnisi wakati wowote katika uhai wa mumewe, bila kusubiri ile miaka 10. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo na anafuata ile ndefu. Wanaume wanalalamikia hilo na wana haki ya kuuliza, ila kwa sheria ilivyo leo ndivyo ilivyo. Ndoa yenyewe haigeuzi uraia wa mtu. Inafungua mlango wa kuomba tu, na mlango huo umeandikwa "uhai wa mume".

Ndilo nililomweleza yule mama wa Moa. Miaka 18 alikuwa na haki ya kuomba na hakuna aliyemwambia. Alidhani cheti cha ndoa kilishamaliza kazi. Alinyamaza kidogo, akamtazama mumewe, mvuvi wa miaka sitini na kitu mwenye kikohozi kisichokatika, kisha akauliza ni nyaraka gani zinahitajika. Walirudi Alhamisi iliyofuata na bahasha ya kaki: cheti cha ndoa, pasipoti zake tatu, cheti cha kuzaliwa cha mume kilicholainika kwa kukunjwa, na picha nane za pasipoti saizi walizopiga asubuhi hiyo Barabara ya 12. Faili limefunguliwa.