Kukata ploti kando ya ardhioevu: anza na maji, ramani ifuate

Wenye mashamba Ruai, Kamulu, Njiru na pande za Mihang'o, mashariki ya Nairobi, huniuliza swali moja zaidi ya mengine yote: "Shamba ni langu, title ninayo, sasa niombe ruhusa ya nini?" Kazi yangu ni kuandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, na kwa kawaida huitwa wakati ramani ya ploti imeshachorwa, bikoni za mipaka zimeshapigwa, na broka ameshapokea amana za watu. Hapo mazungumzo huwa magumu, kwa sababu jambo la kwanza ninalouliza halimo kwenye ramani hiyo. Nauliza mvua ikinyesha sawasawa, maji yanafika wapi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kusimamia ardhioevu na kingo za mito zinahesabu kuwa ardhioevu mahali popote panapofunikwa na maji mwaka mzima au kwa msimu, mimea na wanyama wa hapo wakawa wameshayazoea. Zinataja pia sehemu ambazo maji hayapati njia ya kutokea. Msimu ndio unaowaponza wengi. Mashariki ya Nairobi ni tambarare yenye udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Februari unaweza kupita juu yake na gari dogo kama Probox. Mei unaacha viatu humo. Na wanaouza ardhi hawakupeleki kuiona Mei.

Kwa hiyo sisi hatutegemei macho ya siku moja. Tunatazama mimea: mafunjo, matete na ndago haviji kwa bahati mbaya. Tunatazama takataka zilizonasa kwenye waya wa ua, maana mafuriko huacha mstari wake hapo. Kisha tunatoboa udongo kwa keekee ya mkono, kina cha nusu mita hivi. Udongo ukitoka wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, jibu limepatikana hata kama juu kumekauka kama sakafu. Udongo uliozama majini muda mrefu hukosa hewa, na chuma kilichomo kikapoteza wekundu wake. Maji yakishuka, hewa hupenya kupitia njia za mizizi, na chuma kikashika kutu upya palepale ilipopita. Madoa hayo hayafutiki kwa kiangazi kimoja.

Halafu tunawauliza majirani. Kwenye shamba moja la namna hii mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinyoosha fimbo kuelekea mgunga uliokuwa mbali kabisa na kijito: "Mwanangu, wakati wa El Niño ng'ombe tuliwatolea pale." Mwenye shamba alicheka. Mimi niliandika, kwa sababu mafuriko ya 1997 na 1998 yana maana ya kisheria, kama utakavyoona.

Tuje kwenye vipimo. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima au kujenga kando ya mto ndani ya eneo lenye upana sawa na wa mto wenyewe, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilitumia namba zizo hizo, ila zenyewe zilipima kuanzia ukingo wa juu wa mto. Kijito cha mita 4 kinachukua mita 6 kila upande, na mto wa mita 12 unachukua 12. Mtu akisikia hivyo hupumua. Tatizo ni kwamba kwenye tambarare ukingo hauonekani, na kati ya ukingo na alama ya mafuriko panaweza kuwa na ploti kadhaa. Ushauri wangu kwa mteja ni kuchukua kipimo kikali zaidi, na si kwa uoga. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, serikali iliwaamuru watu waondoke umbali wa mita 30 kutoka mitoni na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Hakuna aliyekuwa akihesabu upana wa mto siku hizo.

Hesabu yenyewe ndiyo inayouma. Tuseme shamba lako linapakana na kinamasi kwa urefu wa mita 200, na eneo la hifadhi, yaani ule ukanda usiojengwa, ni mita 30. Hizo ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Kwa ploti za futi 50 kwa 100, ambazo ekari moja hutoa kama nane baada ya kutoa barabara, umepoteza ploti kumi na mbili. Naelewa kwa nini watu hukasirika. Lakini wengi hudhani wamenyang'anywa ardhi, na kanuni za 2007 hazikusema hivyo: umiliki haubadiliki, kinachobanwa ni matumizi. Huruhusiwi kujenga nyumba ya kudumu humo, kulima, kukata miti ya asili, kutupa taka wala kuchimba mawe. Kuuza ploti ambayo nusu yake iko humo bila kumwambia mnunuzi ni jambo jingine, na mimi ripoti yangu haiwezi kulifunika.

Ofisi za kuombwa ruhusa ni tatu, na kila moja inatazama kitu chake. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutoa leseni ya tathmini ya athari. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 kinakataza kujenga, kuchimba, kujaza au kukausha ardhioevu bila idhini ya maandishi ya mkurugenzi mkuu, baada ya tathmini kufanywa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ndiyo yenye kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kifungu cha 36 kinataja kutumia maji, kumwaga uchafu majini, na pia kukausha kinamasi, jambo ambalo wengi hawajui kwamba linahitaji kibali chake. Kisima cha kuchimba nacho ni cha WRA. Kaunti hutoa ruhusa ya ugawaji chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kupitia mpangaji aliyesajiliwa. Ukivuka mpaka kwenda Kitengela au Juja na ardhi bado ni ya kilimo, ongeza idhini ya bodi ya ardhi.

Sheria hiyo ya 2019 ina kipengele ambacho mabroka wanakipenda sana: usipojibiwa ndani ya siku 60, ruhusa huchukuliwa kuwa imetolewa. Sawa. Ila ukimya wa kaunti haukupi leseni ya NEMA wala kibali cha WRA. Nimeona mtu akinipungia barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa kana kwamba ndiyo leseni.

Mpangilio ninaoupendekeza unaanzia WRA. Omba maofisa wao waje wapige vigingi vya eneo la hifadhi, na saveya wako awepo siku hiyo achukue vipimo vya mahali pa kila kigingi. Ndipo mpangaji achore ploti ndani ya kilichobaki. Ripoti ya tathmini ibebe ramani hiyohiyo. Ukifanya kinyume, NEMA itapeleka ripoti kwa WRA na kaunti watoe maoni, WRA wataandika kwamba ploti fulani ziko majini, na mchoro wote utarudi nyuma huku wanunuzi wakipiga simu.

Kuna ujanja wa aina mbili ninaoukuta kila mara. Wa kwanza ni kugawa mradi mmoja vipande vipande, kila kipande kionekane kidogo kisihitaji tathmini kamili. Tangu 2019 miradi imepangwa kwa daraja za hatari ndogo, ya kati na kubwa, na mwenye shamba anataka aangukie ile ndogo. Ofisa mzoefu hutazama namba za vipande na majina ya wamiliki, akaona ni shamba lilelile. Wa pili unaniudhi zaidi: sehemu yenye maji mengi kuliko zote inaandikwa kwenye mchoro kuwa ya shule au uwanja wa watoto. Mwenye shamba anahesabu kwamba ametoa ardhi ya umma, na mahali pabaya ameshapasukuma kwa wengine. Uwanja unaojaa vyura miezi mitatu kwa mwaka hautachezewa na mtu.

Suala la majitaka huwa ndilo linaloamua kama mradi unafaa, kuliko hata mita 30. Sehemu nyingi za mashariki hazina bomba la majitaka, kwa hiyo kila ploti itachimba tangi lake na shimo la kunyonya. Udongo mweusi haunyonyi, na maji ya chini yakiwa karibu, shimo hujaa kutoka chini kabla nyumba haijamwaga kitu. Nyumba hamsini za namna hiyo kando ya kinamasi, zenye visima vyao, zitakuwa zinakunywa na kumwaga mahali pamoja. Hapo mimi huandika wazi kwamba mradi uwe na mtambo mmoja wa kusafisha majitaka ya mtaa wote, au ploti zipungue. Mwenye shamba hupenda chaguo la tatu, la kuleta malori ya kifusi na kuinua ardhi. Kifusi kinainua ploti yako na kumpelekea jirani maji, na kwenye ardhioevu ndicho hasa kinachokatazwa na kifungu cha 42.

Mnunuzi naye asiridhike na "approval zote ziko." Mnamo Agosti 2018 Ukay Centre kule Westlands na South End Mall kule Lang'ata zilibomolewa kwa kuwa kando ya mto, na hayo yalikuwa majumba ya biashara ya watu wenye mawakili. Omba nakala ya leseni ya NEMA na usome masharti yaliyoambatishwa, maana mipaka ya hifadhi huandikwa humo. Linganisha namba ya ploti na ramani ya vigingi vya WRA. Na kama wewe ni jirani unayeona leseni imetolewa vibaya, rufaa hupelekwa kwa jopo la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60. Wengi huanza kuuliza wakati tingatinga limeshaingia na siku hizo zimeshakwisha, kwa hiyo tangazo la mradi likitoka gazetini, andika maoni yako kwa NEMA wakati huo huo, hata ukurasa mmoja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.