Je, wajua kwa nini gari la umeme linaweza kunuka samaki?

Gari limechomekwa ukutani tangu saa tatu usiku. Asubuhi ukifungua gereji unapigwa na shombo, utadhani kuna mtu kasahau vibua kwenye kiti cha nyuma. Samaki hayupo. Kinachonuka ni soketi, na inaungua.

Gari la umeme likinuka kuungua, watu wengi huilaumu betri kwanza. Inaeleweka, maana betri ya lithiamu ikishika moto ni balaa kweli. Lakini betri ya gari imefungwa ndani ya sanduku chini ya sakafu, na seli zake zinapoanza kuharibika, mara nyingi harufu inayotangulia si ya kitu kilichoungua. Kimiminika kilichomo ndani yake kimetengenezwa kwa viyeyushi, kwa hiyo kikivuja hutoa harufu ya utamutamu, jamii ya thina au kiondoa rangi ya kucha. Pamoja nayo husikika mlio wa kufoka au vishindo vidogo vidogo, na moshi mweupe au wa kijivu hutoka chini ya gari. Hapo hakuna cha kuchunguza. Toka, kaa mbali, upande upepo unakotokea, ita zimamoto. Moshi huo huwa na gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, na betri iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hata siku.

Plastiki iliyoungua, vumbi, breki, shombo: hizo zinatoka kwingine.

Turudi kwenye soketi. Chukua Nissan Leaf za mwanzo, zile za betri ya kilowati-saa 24 zilizotoka kuanzia 2010, ambazo nyingi zimefika Kenya zikiwa zimeshatumika Japani. Waya wake wa kuchajia wa Kijapani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu za matundu matatu, basi hutafutwa adapta, au plagi inakatwa na kufungwa nyingine. Kila kiungio kinachoongezwa hapo ni mahali pengine pa kupata joto.

Sababu ni kwamba pini ya plagi na kibanio cha ndani ya soketi havigusani kote, vinagusana kwenye vinundu vichache tu. Fikiria abiria wanaoshuka kivuko cha Likoni. Wote wakipita kwenye mageti mapana, hakuna anayetoka jasho. Funga mageti yote uache upenyo mmoja, umati ule ule utasukumana na kusuguana hapo hapo, ilhali mita 20 nyuma au mbele hakuna tatizo. Kibanio kilicholegea au chenye kutu ndio huo upenyo. Tena joto halipandi sawia na mkondo wa umeme: mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukinzani, yaani kiasi kiungio kinavyozuia umeme kupita, ukiwa omu 0.2 tu, kwa mkondo wa ampea 13 hutoa wati zipatazo 34, zote mahali padogo kuliko ukucha. Kibanio kikipata moto kinazidi kulegea, ukinzani unapanda, joto linaongezeka.

Na fyuzi? Haioni kitu. Kazi yake ni kama ya karani anayehesabu abiria pale kivukoni, na idadi haijaongezeka. Soketi inaweza kuyeyuka huku swichi kuu imetulia kabisa. Birika la umeme huvuta mkondo unaokaribia huo, ila maji huchemka kwa dakika chache. Gari linavuta usiku kucha.

Shombo nayo ina maelezo yake. Plagi na soketi nyingi za aina ya Kiingereza hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya urea na fomaldehidi. Ikipata joto kali huvunjika na kutoa kemikali ziitwazo amini, na harufu ya samaki aliyechacha ni ya amini pia. Wengine huisikia kama mkojo. Lakini si kila soketi imetengenezwa hivyo, na ganda la waya hutoa harufu kali ya kukereketa, kwa hiyo kukosa shombo hakumaanishi kuwa uko salama.

Kama hunusi chochote, chaji nusu saa, zima swichi, kisha shika plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono hapo, au ukiona rangi ya kahawia kuzunguka tundu, badilisha soketi na plagi vyote viwili. Kibanio kilichokwisha kuungua hakirudi kubana.

Harufu ikija wakati wa kuendesha, anza na breki. Gari la umeme hujipunguza mwendo kwa mota, hivyo diski hukaa bila kazi, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa hushika kutu na pedi hukwama. Simama, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, umempata mhusika. Hita inayowashwa baada ya miezi mingi huchoma vumbi na harufu huisha yenyewe. Nyaya za rangi ya machungwa zina volti mamia, hizo mwachie fundi aliyesomea.

Halafu funga hewa ya nje kwa dakika chache. Harufu ikikata, huenda ilikuwa klachi ya lori lililo mbele yako.