Kushona gegedu ya goti kwa matundu madogo: mshipa wa nyuma ya goti unalindwaje?

Nimeumia nikicheza mpira Kirumba, Mwanza. Gegedu imechanika, nimeambiwa itashonwa kwa kamera. Mishipa ya damu ina hatari gani?

Hatari ipo, ila hutokea kwa nadra sana. Goti lina gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Nyuma ya goti, pale linapokunjwa, inapita ateri kubwa inayopeleka damu hadi vidoleni. Kati ya ateri hiyo na sehemu ya nyuma ya gegedu ya nje kuna ukuta mwembamba wa goti na mafuta kidogo. Umbali wake ni wa kuhesabu kwa milimita. Sindano ikizama mno au ikielekea katikati, inaweza kuitoboa.

Daktari anaikwepaje ateri asiyoiona?

Kweli haioni, maana kamera inaishia ndani ya goti na ateri iko nyuma ya ukuta. Kwa hiyo anafanya kazi kwa tahadhari zilizopangwa. Goti hukunjwa, mara nyingi kufikia nyuzi 90 hivi, na kwa watu wengi mkunjo huo huipa ateri nafasi ya kurudi nyuma. Si kwa wote, kwa hiyo daktari makini hautegemei peke yake. Huchagua tundu la kupitishia sindano ili ncha ielekee pembeni, na huweka kizuizi kwenye kifaa ili sindano isizidi kina alichokipima. Kama uzi unatolewa nje ya goti, hukata kidogo pembeni kwa nyuma na kuingiza chuma bapa chenye umbo la kijiko mbele ya ateri. Ncha ya sindano ikitokeza, inagonga chuma badala ya mshipa.

Jambo moja nalisisitiza. Upasuaji huu mara nyingi hufanywa paja likiwa limefungwa mkanda wa kuzuia damu, na mkanda huo unaweza kuficha jeraha. Ukifunguliwa, mapigo ya damu mguuni yapimwe kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Uliza mapema nani atayapima. Una haki ya kujua.

Nimweleze nini kabla?

Dawa za kuzuia damu kuganda, upasuaji wowote wa zamani kwenye goti hilo, na selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na ule mkanda wa paja unahitaji uangalifu wa pekee kwao.

Mimi ni mama yake. Nitamwangaliaje akirudi wodini?

Mama, gusa miguu yote miwili. Weka vidole viwili upande wa juu wa unyayo, si chini yake, kwenye mstari unaoshuka kati ya kidole gumba na cha pili, utafute mapigo. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mguu ukiwa wa baridi au mweupe kuliko mwenzake, ukifa ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, mwite nesi saa hiyo hiyo. Usisubiri raundi ya asubuhi: misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa 6 hivi.

Kwetu ni Ukerewe. Tuvuke lini?

Muulizeni daktari kabla ya kukata tiketi. Mkiwa na ndugu jijini Mwanza, Nyamagana au Ilemela, laleni kwake siku za mwanzo. Tatizo likianza usiku kisiwani, kuvuka kunaweza kula zile saa chache za kuokoa mguu. Tena, ateri iliyochomwa kidogo inaweza kuvuja taratibu na kuonekana baada ya siku au wiki kama uvimbe unaodunda nyuma ya goti. Huo unahitaji kipimo cha ultrasaundi haraka katika hospitali yenye daktari wa mishipa au uwezo wa kutoa rufaa upesi.

Tumchue kwa mafuta au tumkande kwa maji moto?

Hapana. Uvimbe unaodunda ukichuliwa unaweza kupasuka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani, na kulichua kunaweza kusukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali kwanza.