Kabla ya Kuirudisha Redio Dukani: Dhana Potofu Kuhusu Umeme wa Redio ya Gari

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yamekwishatumika Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa matumizi ya huko: maandishi ni ya Kijapani, na FM huanzia megahezi 76 na mara nyingi kuishia 90, ilhali stesheni zetu zimetawanyika kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo kubadilisha redio huwa miongoni mwa kazi za kwanza ambazo mwenye gari huziagiza, na hitilafu yoyote ya umeme inayojitokeza baadaye hubebeshwa redio mpya. Katika kazi ninazoletewa zikisemwa kwamba "redio imekufa", mara nyingi redio yenyewe huwa nzima, na kilichokosewa ni waya mmoja au miwili nyuma yake.

"Nyekundu ni moto, nyeusi ni ethi, unga rangi kwa rangi."

Kwa upande wa redio mpya, kauli hii haiko mbali na kweli. Kwa kawaida waya wa njano huchukua moto (umeme wa betri) wa kudumu, ambao hutunza saa na stesheni. Mwekundu huchukua moto unaokuja ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni ethi, yaani unaungwa kwenye bodi. Na wa bluu hupeleka umeme kwenye antena. Jozi nne zilizobaki, yaani nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, ni za spika.

Kwa upande wa gari, rangi hizo hazina mamlaka yoyote. Chukua Toyota za miaka mingi, zile zenye soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Humo moto wa kudumu hupita kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, moto wa ufunguo hupita kwenye waya wa kijivu, na ethi ni waya wa kahawia. Mwekundu upo, lakini ni wa spika ya nyuma kulia. Mweusi nao ni wa spika ya nyuma kushoto. Fundi anayeunga rangi kwa rangi ataishia kuidai spika impe umeme, na redio haitawaka, jambo ambalo ni afadhali. Balaa liko kwenye kijivu. Waya wa kijivu wa redio mpya ni wa spika ya mbele kulia, na wa kijivu wa gari ni wa moto. Ukiviunganisha hivyo viwili umesukuma volti 12 kwenye njia ambayo redio hutolea sauti, na chipu ya amplifaya inaweza kuungua kabla wimbo wa kwanza haujasikika.

Dawa ni kununua soketi ya kubadilishia inayolingana na gari, ambayo bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya redio. Ikikosekana, pima kwa mita ya volti. Gusisha waya mweusi wa mita kwenye chuma kisicho na rangi, kisha pita kwenye waya wa gari mmoja baada ya mwingine: unaoonyesha takriban volti 12.6 ufunguo ukiwa mfukoni ni moto wa kudumu, unaoamka ufunguo ukizungushwa ni moto wa ufunguo, na unaoamka taa ndogo zikiwashwa ni wa kuangazia vitufe. Waya zenye ganda au soketi ya njano iliyoelekea usukani usizichomeke kitu chochote, kwa kuwa rangi hiyo kwa kawaida huashiria mifuko ya hewa.

"Redio inayosahau stesheni ni feki."

Redio inasahau kwa sababu haipati moto wa kudumu. Katika Volkswagen nyingi, pini ya moto wa kudumu na pini ya moto wa ufunguo zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na soketi ya kawaida, kiasi kwamba plagi inaingia sawasawa, redio inaimba vizuri, na asubuhi saa imerudi mwanzo. Suluhisho ni kuvusha waya wa njano na mwekundu, kila mmoja uende palipokuwa pa mwenzake.

Wapo wanaoitibu kasoro hii kwa kuziunga njano na nyekundu pamoja kwenye moto wa kudumu. Redio haisahau tena, lakini pia hailali, mpaka mtu akumbuke kuizima kwa kitufe. Ikiendelea kuvuta nusu ampea tu, kwa siku mbili itakuwa imenyonya ampea-saa 24, ambazo ni zaidi ya nusu ya betri ya 45, na Jumatatu gari litasukumwa. Gari lililofungwa na kutulia linatakiwa livute takriban miliampea 50 au pungufu.

"Mita imeonyesha volti 12, basi waya ni mzima."

Hili huwapoteza hata mafundi wenye uzoefu, na nadhani ndilo linalostahili subira kuliko mengine yote. Mita haivuti umeme wa kutosha kuutaabisha waya, kwa hiyo hata nyuzi mbili zilizosalia katika waya uliooza zitaonyesha volti 12. Ugonjwa huonekana pale mzigo unapowekwa. Unga balbu ya indiketa ya wati 21, iache iwake, kisha pima tena: volti zikishuka hadi 9, kiungo kimeoza mahali fulani.

Gari moja dogo lililetwa kwangu likiwa na redio iliyozima kila sauti ilipopandishwa, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha redio mara mbili. Niliweka mita kati ya ganda la redio na kichwa hasi cha betri, nikapandisha sauti, na kila besi ilipopiga namba ikaruka kutoka sifuri hadi zaidi ya volti 2. Chini ya solotepu, waya wa ethi ulikuwa umezungushwa kwenye skrubu iliyoshika chuma kilichopakwa rangi, na shaba yake ilikuwa imeota ukijani. Tulikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukabana waya kwa kichwa cha pete, na namba haikuruka tena.

Ethi ya namna hiyo ndiyo pia huzaa ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mguu wa mafuta, ambao watu huukimbilia kwa kununua kichujio. Penye amplifaya ya pembeni, chomoa kwanza waya za sauti: mlio ukikoma, unaingilia humo, pengine kwa sababu waya hizo zimelazwa ubavuni mwa waya mnene wa betri.

"Fyuzi ikikatika, weka kubwa zaidi."

Fyuzi inailinda waya isiungue. Ya ampea 30 mahali pa 10 inaacha waya mwembamba uwe ndiyo fyuzi, ndani ya dashibodi ya plastiki. Na kwa kuwa tumezitaja ampea: 10 mara volti 14.4 ni wati 144, kwa hiyo yale maandishi ya "4 x 50" kwenye boksi la redio, yaani wati 50 kwa kila spika kati ya nne, hayawezi kuwa wati 200 za mfululizo.

"Betri mbili za 12, chukua moja, redio iwake."

Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani hutumia volti 24, na redio ya volti 12 huungwa kwenye betri moja tu, ile ambayo hasi yake iko kwenye bodi. Redio hufanya kazi, tena kwa miezi. Lakini betri hiyo hutoa zaidi ya mwenzake huku chaji ikigawiwa kana kwamba ziko sawa, hivyo moja hubaki na njaa na nyingine hupikwa kwa chaji ya ziada. Konda huja kusema betri za siku hizi hazidumu. Kinachotakiwa ni kipunguza umeme cha kutoka 24 hadi 12, chenye ampea zinazotosha redio pamoja na amplifaya kama ipo, kikiungwa kwenye betri zote mbili na fyuzi yake ikiwa karibu na betri.