Chuo Kikuu na Kaboni Sifuri: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Chuo kikiamua kufikia usawa wa kaboni, yaani gesi joto kinazotoa zisizidi zile kinazoziondoa angani, mambo mawili huwahi kufika mezani kwenye kikao cha kwanza: miche na paneli za sola. Yote mawili yana faida. Tatizo ni kwamba yanatangulia hesabu, na hesabu mara nyingi huonyesha kuwa uchafuzi mkubwa umekaa pengine kabisa: nyuma ya jiko, kwenye tangi la dizeli, ndani ya viyoyozi.

Dhana: Tukipanda miti ya kutosha, tumemaliza.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Jenereta ya kVA 200, ikibeba robo tatu ya uwezo wake, hunywa lita 32 hivi kwa saa. Hiyo ni kilo 86 hivi kila saa. Umeme ukikatika saa 4 kwa wiki, mwaka unaisha na tani zaidi ya 17 kutoka jenereta hiyo moja. Mti uliokwisha kukua hufyonza kilo 10 hadi 20 na kitu kwa mwaka, na mche wa mwaka wa kwanza haufyonzi cha kuhesabika. Kwa hiyo, hata kwa kiwango hicho cha juu, jenereta moja inadai miti mia nane au tisa mikubwa, isiyokufa kwa kiangazi na isiyokatwa siku bweni jipya litakapojengwa. Pandeni miti, hasa upande wa magharibi wa majengo ambako kivuli cha alasiri hupunguza kazi ya viyoyozi. Ila iandikwe kwenye safu yake, isitumike kufuta dizeli.

Dhana: Umeme wa gridi yetu ni wa maji na mvuke, kwa hiyo hatuna cha kupunguza.

Inategemea uko wapi. Kenya hupata sehemu kubwa sana ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Uganda hutegemea maji ya Mto Nile. Tanzania ilitegemea sana gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Uniti moja iliyookolewa Dar es Salaam haina uzito sawa wa kaboni na uniti iliyookolewa Nairobi, na uzito huo hubadilika mwaka hadi mwaka. Mpango unaotumia kigezo kimoja cha gridi, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti, kwa miaka 10 utatoa majibu ya uongo.

Gridi ikiwa safi, maana yake ni kwamba kilichobaki chote ni chako: jenereta, jiko, magari, gesi za kupozea, safari na manunuzi. Tena gridi safi ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuhamisha jiko kwenye umeme.

Tuanze na jenereta. Hapo ndipo leja ya stoo inapohitajika. Chukua lita zilizotolewa kwa jenereta mwezi mzima, zigawanye kwa saa zilizosomwa kwenye mita ya mashine. Jenereta ya kVA 200 inayobeba nusu ya mzigo inatakiwa kutumia lita 23 hivi kwa saa. Leja ikionyesha 40, ama pampu inayosukuma dizeli ndani ya injini ni mbovu, ama mafuta yanaondoka na madumu. Lishughulikieni hilo kabla ya kuandika mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao punguzo lote litalinganishwa nao, la sivyo chuo kitakuja kujisifu kwa kupunguza wizi.

Dhana: Hatua ya kwanza ni sola, na sola itaondoa jenereta.

Sola inafanya kazi, na ukanda wetu una jua. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za takriban kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Kinachokosewa ni mpangilio.

Anza na mkondo wa matumizi, yaani umeme unavyopanda na kushuka kwa siku. Soma mita kuu kila nusu saa kwa wiki mbili za muhula na wiki moja ya likizo. Mabweni yenye vichwa vya bafu vya umeme, kila kimoja kilowati 5 hivi, yatakuonyesha kilele saa 12 asubuhi, wakati paneli hazizalishi chochote cha maana. Likizo itakuonyesha kinyume chake: jua kali, madarasa matupu, umeme hauna pa kwenda. Usipojua sheria ya nchi yako kuhusu kuingiza ziada kwenye gridi, utanunua paneli za kuzalisha umeme wa kutupa.

Kisha punguza mzigo. Taa ya mrija ya zamani ya wati 36, pamoja na balasti yake, hula wati 44 hivi. Mrija wa LED wa wati 18 unatosha mahali pake. Ukumbi wa taa 60 unashusha zaidi ya kilowati 1.5 kwa kazi ya siku moja ya fundi, na kila kilowati usiyoihitaji ni paneli ambazo hutazinunua.

Sasa paa. Kilowati moja ya paneli huchukua mita za mraba 5 hadi 6 na itakaa pale miaka 25. Paa la bati lililobakiza miaka 7 libadilishwe kwanza, kwa kuwa kushusha paneli na kuzirudisha ni gharama kubwa. Majengo ya zamani yenye mapaa ya asbesto yasitobolewe hata tundu moja. Vumbi lake ni sumu ya mapafu na kuliondoa kuna taratibu za kisheria.

Halafu lile linaloshangaza kamati nyingi: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi, ikiunganishwa na gridi bila betri hujizima yenyewe gridi ikikatika. Imeundwa hivyo makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika la umeme anazishika akijua hazina moto. Kwa hiyo saa 7 mchana, jua la utosi, paneli zimelala na jenereta inanguruma. Kuna tiba mbili: betri na inveta inayoweza kuunda gridi yake, angalau kwa maabara, seva na pampu za maji, au kidhibiti kinachoruhusu sola na jenereta kufanya kazi pamoja. Ukichagua cha pili, kidhibiti kilazimishe jenereta kubaki juu ya asilimia 30 ya uwezo wake. Chini ya hapo dizeli haiungui vizuri, masizi na mafuta hujaa kwenye egzosi, na mashine huzeeka kabla ya wakati.

Dhana: Viyoyozi tatizo lake ni umeme tu.

Hili ndilo pengo tunaloliona kubwa kuliko yote kwenye mipango ya vyuo vya pwani. Kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 hubeba gesi kilo moja hivi. Ikiwa ni R-410A, aina moja ya gesi za kupozea, kilo hiyo ikivuja hupasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Ni tani 2 na zaidi, sawa na kuchoma lita 770 hivi za dizeli, na hakuna moshi wala harufu ya kumshtua mtu.

Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" anaificha hesabu hiyo. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli, ikipungua, imevuja. Tazama maungio ya mabomba ya shaba nyuma ya kifaa cha ndani: ukiona alama ya mafuta iliyokamata vumbi kuzunguka nati, hapo ndipo inapotokea. Kazi sahihi ni kukusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi badala ya kuiachia, kusukuma nitrojeni, kupaka povu la sabuni kutafuta tundu, kukata na kutanua upya ncha ya bomba, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, kisha kujaza kwa mizani kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha mashine. Mtungi upimwe kabla na baada. Tofauti ya kilo iandikwe kwenye daftari, na daftari hilo ndilo takwimu yenu.

Kuna mtego mwingine. R-22, gesi iliyomo kwenye mashine nyingi za zamani, inadhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, kwa hiyo kanuni za kawaida za kuripoti gesi joto huiweka nje ya jumla kuu. Chuo kinaweza kuvujisha R-22 mwaka mzima na ripoti yake ikang'aa. Iandikeni pembeni, lakini iandikwe. Mnaponunua mpya, R-32 ina kipimo cha kupasha joto cha 675, pale R-410A ina 2,088. R-290 iko chini ya 5, ila inawaka moto, na inataka fundi aliyefunzwa. Mwelekeo wa kisheria umeshawekwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongeza kwenye mkataba huo wa Montreal upunguzaji wa gesi kama R-410A.

Dhana: Kuni hukua tena, kwa hiyo jiko letu ni sifuri.

Kilo ya kuni kavu hutoa hewa ukaa kilo 1.7 hivi. Kanuni zinaruhusu kuiandika kando, kwa kuwa ilitoka kwenye mti, lakini methani na naitrasi oksaidi, gesi joto nyingine za moshi huo huo, zinabaki kwenye hesabu yako. Tena ukataji ukitoka msitu wa asili usiopandwa upya, neno "hukua tena" halina msingi. Mwombe mzabuni aonyeshe shamba.

Kuni zinauzwa kwa lori, na lori si kipimo. Pimeni mgao wa jiko kwa mizani kila siku, wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya masika. Kuni mbichi huongeza uzito na kupoteza moto kwa kuchemsha maji yake yenyewe. Mlo wa kuanza nao ni maharage, maana ndiyo yanayokaa motoni muda mrefu. Kuyaloweka usiku kucha na kuyapika kwenye chungu kikubwa cha presha cha umeme hupunguza nishati sana, ilimradi jikoni kuna fezi tatu na nyaya zenye unene wa kutosha. Jiko la gesi si sifuri pia: kilo ya gesi ya kupikia hutoa kilo 3.

Dhana: Tuchukue mwaka 2020 kuwa mwaka wa msingi.

Vyuo vilifungwa kwa korona. Chukueni wastani wa miaka 3 ya kawaida.

Dhana: Kitakachobaki tutakifuta kwa kununua hati za kaboni, yaani kulipia upunguzaji uliofanywa na wengine.

Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi 10, kiliahidi mwaka 2013 kufikia usawa wa kaboni ifikapo 2025. Mitambo yake ya gesi na mabomba yaliyozikwa chini ya kampasi havikubadilishwa kwa kasi hiyo, na njia ya kutimiza ahadi ikawa ni kununua hati kwa wingi. Mwaka 2023 kikabadili sera: kipunguze uzalishaji wenyewe kwa angalau asilimia 90 ifikapo 2045, kikilinganisha na 2019, hati zibaki kwa masalia tu. Fedha ya hati huisha kila mwaka na mwaka ujao unanunua tena. Fedha ya kubadilisha jiko hulipwa mara moja.

Dhana: Mkuu wa chuo akishasaini, mpango umeanza.

Mpango huanza siku unapoingia kwenye zabuni. Andikeni kwenye zabuni ya viyoyozi aina ya gesi na kiwango cha juu cha kipimo chake. Kwenye mkataba wa matengenezo, kwamba malipo hayatolewi bila daftari la uzito wa mitungi. Kwenye zabuni ya majengo, mita ndogo ya umeme kwa kila bweni na kila jiko, na paa lililopigiwa hesabu ya kubeba paneli. Kwenye zabuni ya kuni au gesi, uzito na si idadi ya safari. Ofisa mmoja wa idara ya majengo apewe kazi ya kusoma mita hizo tarehe ile ile kila mwezi, na nakala iende kwa mhasibu mkuu pamoja na ankara.