George Smith na Gharika: ubishi wa kijiweni Moshi

Kijiweni kwetu, karibu na soko la Mbuyuni, kuna mchonga mihuri ambaye siku nzima huchonga herufi kinyumenyume. Ndiye aliyenikumbusha George Smith, Mwingereza aliyesoma habari ya Gharika, kama ile ya Nuhu, kwenye kibao cha udongo cha kale. Nilipomtaja tu, ubishi ukaanza kabla kahawa haijapoa.

"Lazima alikuwa profesa." Wapi! Alizaliwa London mwaka 1840, na akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kuchonga mabamba ya kuchapia noti. Saa ya chakula cha mchana alikimbilia Makumbusho ya Uingereza kutazama vibao vya udongo vya Ninawi, mji wa kale ulioko Iraki ya leo. Jicho lililozoea mikwaruzo ya bamba likamfaa kwenye udongo uliovunjika, hata Makumbusho wakamwajiri.

"Ndiye aliyefumbua kikabari." Mwandiko huo wa kale wa alama zilizokandamizwa kwenye udongo alikuta umeshafumbuliwa. Mwaka 1857 wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walitafsiri maandishi yaleyale, kila mtu kivyake, na tafsiri zao zikashabihiana. Smith bado alikuwa kijana wa miaka 17 kiwandani. Halafu kikabari si lugha, ni mwandiko. Kiliandika Kisumeri na Kiakadi, kama herufi tunazoandikia Kiswahili zinavyoandika pia Kichaga.

"Aliposoma habari ya Gharika alikimbia uchi." Hii watu hawaiachi! Kibao alikisoma mwaka 1872. Aliyeandika kwamba alianza kuvua nguo kwa furaha ni Wallis Budge, mtaalamu wa Makumbusho yaleyale, mwaka 1925, naye hakuwepo. Hata Budge hakusema uchi. Hayo ni chumvi ya wasimuliaji.

"Akapewa guinea 1,000, fedha ya zamani ya Uingereza, na gazeti, akatajirika, akakipata kipande cha habari ya Gharika kilichokosekana." Gazeti la Daily Telegraph kweli lilitoa guinea 1,000, lakini zilikuwa za msafara. Mwaka 1873 alichimba Ninawi, na baada ya siku chache akapata kipande cha mistari 17 hivi, akakiunga kwenye kisa cha Gilgamesh, utenzi wa kale uliokuwa kwenye kibao kile cha Gharika. Wataalamu waliomfuata wakagundua ni cha utenzi mwingine wa Gharika, Atrahasis. Mimi simlaumu: visa hivyo viwili vinafanana kama ndugu, na udongo haukuwa na kichwa cha habari.

Mama lishe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na mkewe?"

Smith alifariki Aleppo, Syria, mwaka 1876, safari ya tatu, kwa kuhara damu. Alikuwa na miaka 36. Mjane na watoto wakapangiwa pauni 150 kwa mwaka.